Mji wa Mawe na Mabega ya Bara

Ipo miji ambayo tarehe yake haisomeki vyema mtu akiwa ndani yake, kwa sababu kuta zake humzunguka na fahari yake humjaa machoni, asiweze kutambua mali iliyoisimamisha ilitoka wapi wala ilichukuliwa na nani; na mmojawapo wa miji hiyo, kwa rai yangu, ni bandari ya kale ya Unguja, ile tuiitayo Mji Mkongwe, ambayo wengi wameisifu kwa milango yake na roshani zake na vichochoro vyake, na ambayo aghalabu hutazamwa kutoka upande wa bahari, kama aitazamavyo mtu ashukaye jahazini. Mimi naandika kutoka Kiseke, katika Manispaa ya Ilemela, baina ya majabali na ufuko wa ziwa Nyanza, mahali ambapo maji hayana chumvi na shamba halioti karafuu. Nami nimeazimia kuutazama mji ule kutoka upande huu wa bara, kwa kuwa nina yakini kwamba asiyeijua njia iliyotoka ziwani kwenda pwani ameujua mji huo nusu tu.

Unguja si kisiwa kikubwa. Urefu wake kutoka kaskazini hadi kusini ni yapata kilomita 85, na mji wenyewe ulikaa juu ya ulimi wa ardhi upande wa magharibi, ukielekeana na mrima, yaani pwani ya bara, na mkono wa bahari ukiingia nyuma yake hata kuufanya, wakati wa maji kujaa, karibu kuwa kisiwa ndani ya kisiwa. Maji ya bandari yake ni ya kina, visiwa vidogo vimeikinga na mawimbi, na pepo mbili zilizoijenga pwani yote ya Waswahili ziliihudumia kwa zamu: kaskazi, ivumayo tangu Disemba hadi Machi, ilileta majahazi kutoka Maskati, Kachi na Surati yakiwa na tende, nguo na vyombo vya udongo, na kusi, ianzayo Aprili, iliyarudisha makwao yakiwa yamejaa boriti, pembe, na, jambo la kusikitisha kulitaja, wanadamu.

Wenyeji wa kisiwa hicho walikuwa na watawala wao, Mamwinyi Wakuu, kabla ya mgeni yeyote kudai ufalme juu yao. Wareno walifika mwanzoni mwa karne ya 16, wakaacha kanisa na machache mengine. Na Waomani walipowatoa Wareno hao katika ngome ya Mombasa mwaka 1698, walijenga Unguja ngome yao wenyewe juu ya kiwanja kilekile cha kanisa, nayo ndiyo Ngome Kongwe ionekanayo leo mkabala wa Forodhani. Hata hivyo kwa zaidi ya karne moja baada ya hapo mji ulibaki mdogo, wa makuti kuliko mawe, mpaka alipotokea Seyyid Said bin Sultan, aliyeshika ufalme wa Omani mwaka 1806 naye angali kijana, na ambaye katika miaka ya 1830 alianza kuhamishia makao yake Unguja, hata kufikia mwaka 1840 makao hayo yakawa yamethibiti. Mfalme huyo alikuwa na jicho la tajiri. Alihimiza upandaji wa karafuu, zilizokuwa zimekwisha kuletwa kisiwani na Waarabu waliotangulia. Alifanya mapatano ya biashara na Marekani mwaka 1833, kisha na Waingereza na Wafaransa. Na forodha yake aliikodisha kwa matajiri wa Kihindi, mashuhuri miongoni mwao nyumba ya Jairam Sewji, ambao walimlipa kiasi maalumu kila mwaka nao wakakusanya ushuru kwa hisabu zao.

Watu wakisikia Unguja hukumbuka karafuu, na si vibaya, maana mji ule ulinukia karafuu kwa miaka mingi. Lakini karafuu ni zao la mvua na tufani, na ile tufani ya Aprili 1872 iliing'oa mikarafuu ya Unguja kwa wingi usiosahaulika, ikiiacha Pemba karibu salama, na bado mji haukufa. Haukufa kwa sababu ulikuwa na riziki nyingine, iliyotoka mbali zaidi na isiyojali upepo wa baharini: pembe za ndovu. Pembe ya Afrika Mashariki ilikuwa laini, haipasuki upesi chini ya msumeno, na kwa hiyo ilitakiwa kote duniani. Bara Hindi walizitaka kwa bangili za maharusi. Ulaya na Marekani walizitaka kwa vichana, kwa mipira ya mchezo wa biliadi na kwa vidole vya piano, hata vikatokea viwanda huko Connecticut ambavyo maisha yake yote yalitegemea pembe zilizopitia Unguja. Na marikebu za Salem, katika Massachusetts, zilizokuja kuchukua pembe hizo, zilileta kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi ambacho watu wetu walikipa jina la merikani, na kitambaa hicho kikawa ndiyo fedha ya bara nzima, kikipimwa kwa mikono na kukatwa kwa shuka, tangu Bagamoyo hata hapa Nyanza.

Sasa pembe hiyo haikutembea kwa miguu yake. Kutoka Tabora, iliyojulikana zamani kwa jina la Kaze, hadi pwani ni safari ya kilomita zisizopungua 800, na msafara wa kawaida uliifanya kwa miezi mitatu hivi, ukipita nyika ya Ugogo isiyo na maji, ukilipa hongo kwa kila mtemi mwenye nguvu. Na katika nchi ambayo mbung'o waliua punda na ng'ombe, hapakuwa na mnyama wa kubeba ila binadamu. Mzigo wa mpagazi ulikadiriwa frasila mbili, yaani ratili 70 au kilo 32, mbali na mkeka wake, sufuria yake na chakula chake. Pembe kubwa ilibebwa begani na mtu mmoja, tena kwa heshima, maana wachukuzi wa pembe walijihesabu kuwa bora kuliko wachukuzi wa nguo na shanga. Ncha ya pembe ilifungwa kengele, na mbele ya wote akaenda kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, akiwa na bendera nyekundu ya Sultani, si kwa kuwa Sultani alitawala nyika ile, bali kwa kuwa bendera hiyo ilitambulisha tijara iliyokuwa ikipita.

Wengi wa wapagazi hao walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma, nao hawakuwa watumwa. Jambo hili napenda lisisitizwe, kwa maana vitabu vingi vimelichanganya. Walikuwa watu huru waliokubaliana ujira wao, waliogoma na kuweka mizigo chini walipodhulumiwa, na waliopanga safari zao kwa majira ya kilimo: wakitoka baada ya mavuno, wakirejea kabla ya mvua kuwataka shambani. Tena kabla Mwarabu hajaingia bara kwa wingi, Wanyamwezi ndio waliokuwa wakiishukia pwani na pembe zao wenyewe, wakiwa wamekwisha kuzoea biashara ya chumvi na ya majembe ya chuma yaliyofuliwa na Warongo wa upande wa Uzinza, kusini magharibi ya ziwa letu. Ikawa ada katika nchi ile kwamba kijana hahesabiwi mwanamume kamili mpaka awe ameiona bahari. Kwa hiyo mtu asemapo kwamba Waarabu waliifungua njia ya bara, sharti aulizwe ni nani aliyekuwa amekwisha kuipita.

Na njia hiyo ilipofungwa, mji wa mawe ulihisi. Kati ya mwaka 1871 na 1875, Mirambo wa Urambo alipopigana na Waarabu wa Tabora na kuzuia misafara, bei ya pembe ilipanda Unguja, na Seyyid Barghash, sultani wa Unguja wakati huo, aliyekaa barazani kwake akitazama bahari, alilazimika kufikiri juu ya mtemi mmoja wa nyikani ambaye hakuwahi kumwona kwa macho. Sidhani uko ushahidi ulio wazi kuliko huu wa jinsi kisiwa kile kilivyofungamana na bara.

Ama sisi wa Nyanza, habari zetu na Unguja zilikuwa zimekwisha kuanza kabla Mzungu wa kwanza hajayaona maji haya. Mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika kwa Kabaka Suna wa Buganda mwaka 1844 kwa njia ya Karagwe, na huko Karagwe, katika nchi ya Rumanika, Waarabu walikuwa na kituo chao Kafuro. Tarehe 3 Agosti 1858, John Hanning Speke alipoliona ziwa kutoka vilima vya Mwanza na kulipa jina la malkia wake, alikuwa amepata habari zake Kaze kwa Waarabu walioishi humo; na pamoja naye alisimama Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekamatwa utotoni, akauzwa, akafika Bara Hindi, akapata uhuru wake na kurejea Unguja, na ambaye baadaye aliongoza misafara mingine ya wasafiri wakubwa. Jina la malkia limeandikwa katika ramani zote. La Bombay hujulikana na wachache tu.

Baada ya Speke alikuja msafiri Stanley, aliyeondoka pwani Novemba 1874 na kufika Kageye, katika ufuko wa Usukuma si mbali na Mwanza ya leo, mwisho wa Februari 1875, wapagazi wake wakiwa wamebeba vipande vya chombo alichokiita Lady Alice, ambavyo viliunganishwa hapo na kutiwa majini ili alizunguke ziwa. Mwenzake mmoja, Frederick Barker, alifariki hapohapo Kageye na kuzikwa mwaka huohuo. Lakini Stanley hakuwa wa kwanza kuleta ufundi wa pwani katika maji haya, kwa kuwa alimkuta Songoro, mfanyabiashara wa pwani aliyekuwa akiunda jahazi la kusafiria ziwa, kwa mbao za Ukerewe. Jahazi hilo na mbao zake zilizusha ugomvi baina ya Songoro na Lukonge, mtawala wa Ukerewe, na katika ugomvi huo, Disemba 1877, Songoro aliuawa pamoja na wamisionari wawili wa Kiingereza, Smith na O'Neill, waliokuwa wamejikuta katikati yake. Mtu akisimama Kirumba Mwaloni asubuhi na kuona matanga ya pembetatu ya mitumbwi ya wavuvi yakiingia kutoka visiwani, anaona ufundi ambao ulikwisha kufika hapa kabla ya meli ya moshi.

Lakini njia ile haikupitisha pembe na merikani peke yake. Mitumbwi ya Kabaka Mutesa ilivuka ziwa na kuleta kusini pembe na watumwa pia, na kutoka Manyema, kutoka ufuko wa ziwa Nyasa na kutoka nchi nyingi nyingine maelfu waliteremshwa pwani wakiwa wamefungwa shingo, wakavushwa bahari, na wale waliofika hai wakauzwa sokoni Mkunazini, baadhi kwa mashamba ya karafuu, baadhi kwa majumba ya mji, baadhi kwa nchi za ng'ambo ya bahari. Tarehe 5 Juni 1873, Seyyid Barghash, akishurutishwa na Waingereza waliotishia kumfungia bandari yake, alitia sahihi mkataba wa kulifunga soko hilo; na katika sikukuu ya Krismasi ya mwaka huohuo liliwekwa mahali pale jiwe la msingi la kanisa ambalo Askofu Edward Steere alilijenga na ambamo mwenyewe alizikwa mwaka 1882. Nimeingia katika kanisa hilo nikaketi. Nje yake wamesimamishwa watu wa saruji ndani ya shimo, wamefungwa mnyororo mmoja, kazi ya msanii Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Na mtu wa bara akiwatazama watu wale hawezi, kwa dhamiri njema, kuusifu mji kwa milango yake kabla ya kuwapa wao haki yao ya kutajwa. Wala utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria Unguja siku soko lilipofungwa. Ulikaa hadi mwaka 1897.

Baada ya kusema hayo, nitasema pia kwamba mji ule ni mzuri, na uzuri wake si wa kubahatisha. Nyumba zake zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa palepale, kuta nene zenye kuzuia joto, na dari zilizobebwa na boriti za mikoko kutoka Rufiji na visiwa vya Lamu. Na kwa kuwa boriti haiwi ndefu kupita kiasi, vyumba navyo vikawa vyembamba na virefu, hata umbile la mti uliokatwa matopeni likawa ndilo lililoamua umbo la sebule ya tajiri. Milango ya zamani zaidi ina vizingiti vya mraba, imechongwa minyororo, mawimbi, samaki na majani ya mtende. Ile ya baadaye, iliyoathiriwa na mafundi wa Kihindi, ina upinde juu na maua mengi, na njumu za shaba zenye ncha. Tajiri aliweka mlango kabla ya nyumba, kwa kuwa wapitao njiani waliusoma na kuijua daraja ya mwenye nyumba. Na nje ya mlango palikuwa na baraza, benchi la mawe lililoungana na ukuta, ambapo mtu aliweza kupokea mgeni, kunywa kahawa, kusikiliza habari za bei na za marikebu, bila kumwingiza ndani penye wanawake wa nyumba. Hapana shaka kwamba desturi hiyo ya barazani, ya kuzungumza mambo ya umma hadharani na kwa adabu, ni tunu kubwa kuliko milango yote.

Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, ndiye aliyeutia mji huo anasa zake. Mji ulikuwa na sifa mbaya ya uchafu, hata Livingstone alilalamikia harufu ya ufuko wake, na kipindupindu kilikuwa kimeua watu wengi muda mfupi kabla Barghash hajatawazwa. Yeye akaleta maji safi kwa mifereji kutoka chemchemi nje ya mji, akajenga hamamu za umma, na mwaka 1883 akasimamisha Beit al-Ajaib, kasri la sherehe lenye nguzo za chuma na roshani pande zote, lililokuwa jengo la kwanza Unguja kuwaka taa za umeme. Alikuwa pia mpenzi wa muziki, na alimtuma mtu wake kwenda Misri kujifunza ala za huko, ikawa ndiyo asili ya taarabu katika nyumba ya kifalme, iliyoimbwa kwa Kiarabu mbele ya watu wa daraja ya juu. Fedha za anasa hizo zilitoka forodhani, na forodha ilikula pembe na karafuu; naomba msomaji aikumbuke tena kengele ile iliyofungwa kwenye ncha ya pembe.

Nyuma ya mji wa mawe, ng'ambo ya ule mkono wa bahari, ulikua mji mwingine, wa udongo na makuti, ulioitwa Ng'ambo kwa sababu hiyohiyo. Na ingawa mkono wa bahari ulijazwa kifusi katika karne ya 20, jina limebaki. Huko waliishi watumwa walioachwa huru, wachukuzi wa bandarini, mafundi, wavuvi, watu wa kisiwani wenyewe na watu wa bara waliobaki baada ya misafara yao kwisha; na baada ya utumwa kuondolewa, Wanyamwezi na wenzao wa bara walivuka tena kwa hiari yao, mwaka hadi mwaka, kulima na kupalilia mashamba ya karafuu kwa ujira. Wageni wengi waliozuru Unguja waliuandika mji wa mawe na kuuacha Ng'ambo, hali ya kuwa wakazi wake walizidi wa upande wa pili, na hali ya kuwa sauti kubwa kuliko zote iliyopata kutoka Unguja ilitoka upande huo wa udongo.

Namkusudia Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880, baba yake wa asili ya Unyamwezi na mama yake Mzigua, katika nyumba ya watu wa daraja ya utumwa, na ujana wake aliupitisha akiuza vyungu alivyofinyanga mamaye, akivinadi njiani kwa sauti ambayo watu waliisikia kabla ya kumwona. Alipohamia mjini alifunzwa uimbaji na ala na wanamuziki wa pale, akajiunga na wenzake, na akaitoa taarabu katika Kiarabu cha kasri akaiweka katika Kiswahili cha mtaani, akiimba juu ya majaji wanaopendelea, juu ya matajiri wadhalimu, juu ya mapenzi na juu ya mambo yaliyotokea juzi. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay akarekodi santuri, na santuri hizo zikauzwa katika miji yote ya pwani na bara, zikisikilizwa na watu ambao hawakuwa wamesikia mtu wa lugha yao akiimba kutoka katika sanduku. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert, ambaye hakuwa mtu wa kupoteza kalamu yake kwa jambo dogo, aliandika wasifu wake. Nami ninapofikiri kwamba mwanamke aliyeipa Unguja sauti yake alikuwa na damu ya watu wa njia ile ya pembe, naona kwamba bara na kisiwa vilikwisha kuchanganyika mahali ambapo hapana siasa iwezayo kuvitenga.

Lugha nayo ilisafiri kwa njia ileile, na ndiyo bidhaa pekee ya Unguja ambayo haikudhulumu mtu katika kubebwa. Askofu Steere alikuwa amekwisha kuchapisha kitabu cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja na mkusanyo wa hadithi zake mwaka 1870. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yule Tippu Tip ambaye baba yake alioa katika nyumba ya Mtemi Fundikira wa Unyanyembe, aliandika maisha yake kwa Kiswahili kabla ya kufariki mjini humo Juni 1905, kitabu chenye mambo mazito ya kulaumiwa, lakini ambacho mwanafunzi wa tarehe hawezi kukikwepa. Na mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu cha Afrika Mashariki. Tangu hapo mtoto wa Ukerewe na mtoto wa Makunduchi wakasoma kitabu kimoja. Hapa kwetu Nyanza upo mfano usiosahaulika: Aniceti Kitereza wa Ukerewe aliandika kwa Kikerewe riwaya yake kubwa ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akaimaliza mwaka 1945, ikakaa miaka mingi bila mchapishaji, mpaka yeye mwenyewe alipoigeuza Kiswahili ikachapishwa Dar es Salaam mwaka 1980, naye akafariki mwaka uliofuata.

Wazee husema kwamba zumari ikipigwa Unguja, watu wa bara hucheza. Methali hiyo ni ya kweli kwa wakati wake, maana mitindo ya mavazi, vyakula na hata sala ilitoka kisiwani ikatufikia, na leo mtu akienda Makoroboi, mjini Mwanza, kununua kanga ya harusi, au akitia karafuu na mdalasini katika pilau ya Idi, anaicheza zumari hiyo bila kujua. Lakini methali imenyamaza juu ya jambo moja, nalo ni kwamba aliyemlipa mpiga zumari ni yule mchezaji wa bara, na alimlipa kwa mabega yake.

Kuanguka kwa ile biashara kulikuwa kwepesi kuliko kukua kwake. Mwaka 1890 Unguja ikawa chini ya himaya ya Waingereza, na mrima ukawa wa Wajerumani. Mwaka 1896, tarehe 27 Agosti, manowari za Kiingereza ziliupiga mzinga mji kwa muda usiotimia saa moja ili kumwondoa Seyyid Khalid bin Barghash katika kiti. Na mwaka 1901 reli kutoka Mombasa, bandari nyingine ya kisiwani, ilifika Kisumu. Siku hiyo ndiyo, kwa hisabu yangu, Unguja ilipopoteza Nyanza. Pamba na ngozi za Usukuma zilivuka ziwa kwa meli hadi Kisumu, zikashuka Mombasa kwa siku chache, na mpagazi hakuhitajika tena. Kisha mwaka 1928 reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza, na mizigo ikaelekea Dar es Salaam. Mji wa mawe ukabaki na karafuu zake na kumbukumbu zake.

Baada ya mapinduzi ya Januari 1964 majumba mengi ya mawe yaligawiwa watu wa Ng'ambo na wa mashamba, jambo la haki kwa waliokosa makazi, lakini nyumba ya chokaa isipopakwa chokaa kila mara huingiza maji, na boriti iliyoloa huoza. Hivyo kwa miongo kadhaa kuta zilianguka moja baada ya nyingine, mpaka ikaundwa mwaka 1985 mamlaka ya kuuhifadhi mji, na mwaka 2000 UNESCO ikauandika katika urithi wa dunia. Hata hivyo, tarehe 25 Disemba 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib pamoja na mnara wake wa saa iliporomoka wakati wa kazi ya ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha.

Jengo hilo lilikuwa makumbusho, na ndani yake palikuwa na mtepe, chombo cha kale kilichoshonwa kwa kamba bila msumari, ulioundwa upya ili watu wauone. Wanaolisimamisha tena wana nafasi ambayo haitarudi. Ombi langu kwao, kama mtu wa Nyanza, ni kwamba chumba kimoja kiwe cha njia ya bara: iwemo ramani itokayo Kageye na Karagwe kupitia Tabora hadi Bagamoyo; iwemo shuka ya merikani, jembe la Warongo, shanga na kauri; uwemo mzigo wa frasila mbili, uliofungwa kama ulivyofungwa zamani, ambao mwanafunzi ataruhusiwa kuuinua na kuutia begani; na yawemo majina ya Bombay na Songoro karibu na majina ya masultani. Na sisi wa huku tuna sehemu yetu ya kazi. Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, yaliyoanzishwa na Padri David Clement, yamehifadhi ngoma na vifaa vya watemi wetu, na bado wapo wazee wa Usukuma walioachiwa na babu zao hikaya za waliokwenda pwani, walichobeba, walicholipwa, na nani hakurudi. Hikaya hizo ziandikwe sasa, kwa Kisukuma na kwa Kiswahili, na nakala yake moja ivushwe bahari hadi Unguja.